Ingia, Fanya, Toka

Ahmednur, fundi wa vyuma wa Burat, kule Isiolo, alikuwa na hakika kwamba mtungi wa maziwa hautakiwi kuwa na mdomo mpana. Mkewe Faiza alikuwa na hakika kwamba unatakiwa. Karakana yao ya mabati ilikuwa imeegemea jikoni, na jikoni kumeegemea chumba cha kulala, kwa hiyo hakuna aliyeweza kwenda mahali pasipofikiwa na hakika ya mwenzake.

"Mkono uingie mpaka hapa," Faiza alisema Ijumaa hiyo asubuhi, akijishika juu ya kiwiko. "Usipoingia nitaufuta majivu na nini? Na ulimi?"

"Mdomo mpana unamwaga," Ahmednur akajibu. "Basi likiruka kidogo tu, maziwa yote yako kwa viatu vya abiria. Halafu wataulizana nani alichomelea huu mtungi. Watasema ni Faiza? Watasema ni mimi."

"Na wakisema ni wewe, watakuwa wamekosea wapi?"

Katikati yao alikaa binti yao Hamdi na kompyuta. Ilikuwa kompyuta ya mtumba, betri yake ilishakufa, na ilifunikwa leso kila vumbi la msasa lilipoinuka. Ilikula umeme kwenye tundu lile lile la mashine ya kuchomelea, kwa hiyo Hamdi akichora baba hachomelei, na baba akichomelea Hamdi hachori. Wiki hiyo baba ndiye aliyekaa bila kazi, na fundi asiye na kazi ana muda mwingi wa kuwa na maoni.

Programu ya Hamdi haikuchora mistari kama ya daftarini. Ilichora vitu vizima. Alianza na gogo la duara lililojaa, zito kama jiwe la kusagia, kisha akaingia kwenye amri ya kulihariri, na humo ndani akawa analisukuma na kulivuta kama mtu anayekanda unga: huku ananyanyua shingo, huku anachimba tumbo liwe wazi, huku anakata pembe isiumize mkono. Hakuna chuo kilichomfunza. Alifunzwa na video za simu, na bando ya simu ilinunuliwa na maziwa ya mama yake. Jambo hilo Faiza hakuwahi kulitaja, ila alikuwa na namna ya kukohoa.

"Nivute mdomo ama nisivute?" Hamdi akauliza.

"Vuta."

"Wacha."

Faiza akakohoa. Hamdi akavuta. Kwenye kioo mdomo wa mtungi ukafunguka kama wa mtoto anayepiga miayo.

"Hapana, hapana, rudisha," Ahmednur akasema. "Rudisha tuone ulivyokuwa."

Hamdi akabonyeza vitufe viwili pamoja. Mdomo ukarudi mwembamba, na vingine vyote vikabaki vilivyo: shingo, tumbo, pembe.

"Unaona, Aabo?" Hamdi akamwambia baba yake. "Hii inatendua. Mara moja, hatua moja. Haigusi kingine."

"Hatua moja tu?"

"Moja tu."

"Na kama nataka mdomo wangu?" Faiza akauliza.

Hamdi akaurudisha. Mdomo ukapiga miayo tena. Ahmednur akavitazama vile vitufe viwili kwa heshima kubwa. Katika maisha yake yote alikuwa hajaona kitu kinachotengua neno la Faiza na kuacha vingine salama.

Mchezo ukaendelea hivyo mpaka jua likapanda juu ya mabati. Kila Hamdi alipotaka kufunga ile amri na kutoka, mmoja wao alisema subiri, kwa hiyo kazi ya asubuhi nzima ilifanyika ndani ya kuingia kumoja.

*

Mitungi hii haikuwa mchezo. Miaka miwili nyuma, ofisi ya mradi wa maziwa iliwaletea akina mama wa soko la maziwa ya ngamia mitungi inayong'aa kama vioo, iliyotoka mbali, yenye shingo nyembamba ya kisasa. Hakuna mama aliyeulizwa. Mwanamke wa Isiolo hamimini maziwa kwenye chombo kabla hajakifukiza: anachoma kijiti cha mzaituni mwitu, anakiingiza ndani na kaa lake, anafunika, kisha anaingiza mkono na kufuta majivu mpaka pembeni kabisa. Huo moshi ndio unaoyavusha maziwa mpaka Nairobi bila kukatika. Mitungi ile mkono haukuingia. Maziwa yakakatika njiani, wanunuzi wakatukana kwa simu, na akina mama wakarudia madumu yao ya plastiki. Mitungi inayong'aa ikawa viti. Ofisi ikapiga picha mitungi ilipofika. Ilipokuwa viti, hakuna aliyekuja na kamera.

Sasa ofisi ilisema mipya itengenezwe hapa hapa, kwa kushirikisha jamii. Hilo ni neno linalokuja ndani ya gari kubwa na kurudi nalo. Ahmednur akachora mtungi kwa penseli juu ya karatasi ya mfuko wa simiti, na vipimo vyote, akaupeleka. Afisa wa mradi, kijana anayeitwa Galgalo, akaushika kwa ncha za vidole.

"Mzee wa vyuma, hii ni mchoro ama umeniletea simiti?"

Watu wote wa kwenye benchi la ofisi wakacheka. Na Ahmednur akacheka pia. Hilo la mwisho ndilo lililomrudia kila usiku: kwamba alicheka nao.

Galgalo akamwambia alete mchoro wa kompyuta, ule unaozunguka, Ijumaa saa tisa, kwenye kibanda cha maziwa, mbele ya akina mama wenyewe. Asipouleta, kazi inarudi kwa yule yule muuzaji wa shingo nyembamba, kwa sababu yeye mchoro wake uko tayari. Na karakana ya Ahmednur ilikuwa kimya tangu watu waanze kununua milango iliyokwisha kutengenezwa. Kazi ile ikipotea, mashine ya kuchomelea ingeuzwa. Tayari mtu wa Kulamawe alishapita kuitazama, akaizunguka kama anayetazama beberu.

*

Karibu na saa sita Hamdi akanyoosha mgongo. "Imekwisha. Imebaki kifuniko. Nakitengeneza mkirudi msikitini." Akafunga amri, akatoka, akaenda kuoga. Faiza akavua bangili zake, akaziweka dirishani kama kila siku, akaingia uani kufukiza madumu ya jioni.

Ahmednur alikuwa ameshavaa kanzu, ametawadha, amejipaka uturi wa Ijumaa kwenye viganja na nyuma ya masikio. Alipita karakanani kuchukua kofia tu. Kofia ilikuwa pale pale, juu ya sanduku la risasi la babu yake. Huyo babu alirudi kutoka vita vya wazungu na sanduku, medali na ahadi ya kipande cha ardhi. Sanduku na medali bado vipo.

Kioo kilikuwa kinawaka, na mtungi unapiga miayo.

Akasimama. Akasikiliza maji ya Hamdi bafuni. Akasikiliza mkewe akipuliza kaa uani. Hatua moja tu, alijiambia, mdomo peke yake. Saa tisa itafika, Galgalo ataona mdomo mzuri wa wastani, na Faiza atadhani ni kompyuta. Kompyuta ina lawama nyingi, moja zaidi haitaiua.

Akabonyeza vile vitufe viwili. Mara moja, kama alivyofunzwa.

Mtungi ukatoweka. Mahali pake likakaa lile gogo la kwanza, limejaa, halina shingo, halina tumbo, halina mdomo wa Faiza wala wa Ahmednur.

Akalitazama, nalo likamtazama. Muadhini akaanza.

Kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha kazi njiani, akajaribu kutengeneza. Alikuwa amemwona Hamdi akichora duara. Akachora duara. Likatokea pembeni, mbali na gogo, dogo kama kitufe cha shati. Akalitazama hilo nalo. Kisha akakumbuka kitu ambacho binti yake alimwambia kila siku ya Mungu, kwamba umeme wa Burat hauaminiki, kabla hujaondoka hifadhi kazi. Akahifadhi. Na kwa kuwa alikuwa mtu mwangalifu, akahifadhi mara ya pili.

Akavaa kofia, akaenda msikitini, na kama ungemuuliza yeye imamu alihubiri nini, angekwambia ilikuwa juu ya wale wanaogusa wasivyoitiwa.

*

Aliporudi, Hamdi alikuwa amekaa mbele ya kioo, nywele zimefungwa kitambaa, mikono juu ya mapaja. Hakuwa analia. Alikuwa na uso wa mtu anayehesabu.

"Hooyo," akamwita mama yake, "kuna mtu aliingia hapa?"

"Labda umeme ulicheza," Ahmednur akasema kutoka mlangoni.

"Umeme hauchori duara, Aabo."

Faiza akaingia na mkono mweusi wa majivu mpaka kiwikoni. Alitazama gogo, akatazama duara, akamtazama mumewe ambaye alikuwa anakagua dari. Kisha akainama juu ya kompyuta na kunusa. Huyu ni mwanamke ambaye sokoni ananusa kifuniko tu na kukwambia maziwa yamekamuliwa jana jioni na yamefukizwa na mvivu. Akanusa vitufe vya kushoto. Akanusa tena, polepole.

"Hamdi," akasema, "hii kompyuta yako leo imeenda Ijumaa?"

Uturi ulijibu wenyewe, umejaa karakana nzima.

"Nilibonyeza mara moja," Ahmednur akasema. "Wallahi, mara moja tu. Wewe ulisema hatua moja."

"Ukiwa ndani, Aabo." Hamdi akashika kichwa. "Ile amri ni kama chumba. Ukiwa bado uko ndani, unatendua kitu kimoja kimoja. Lakini mimi nilishatoka, nikafunga mlango. Ukiwa nje, yenyewe haijui ulifanya nini ndani. Inajua tu uliingia, ukatoka. Ukiiambia tendua, inatendua kuingia kote."

"Asubuhi nzima?"

"Asubuhi nzima ni hatua moja."

"Sasa hilo si ungesema?"

"Sikujua utakuja kuiba mdomo."

Faiza akageuka. Hilo alikuwa hajalijua bado. "Kuiba nini?"

Ahmednur akaona kwamba dari haina msaada. "Nilitaka kupunguza mdomo kidogo."

"Mdomo wangu."

"Wa mtungi."

"Miaka yote hii unataka kupunguza mdomo wangu, na leo ulipopata kitufe umepoteza nyumba nzima." Alijaribu kukasirika, lakini kicheko kilikuwa kimeshamfikia puani. "Na umechora nini hapa pembeni? Hii ni chapati?"

"Nilikuwa natengeneza."

"Aabo, kuna njia ya kurudisha kilichotenduliwa," Hamdi akasema. "Lakini inakubali papo hapo tu, kabla hujagusa kingine. Ukishachora hiyo chapati, imefunga. Na nakala ya akiba inashika ile ulihifadhi mwisho. Ulihifadhi?"

"Nilihifadhi."

"Mara ngapi?"

"Mbili," Ahmednur akasema kwa sauti ndogo. "Wewe ndio ulinifunza."

Hamdi akaangalia saa ya simu. Saa nane kasorobo. Akatazama mashine ya kuchomelea iliyokaa kona na waya wake umeviringwa vizuri, kama mzigo unaongoja gari. Baba yake naye aliitazama.

*

"Ngoja," Faiza akasema. "Ulianza na shingo. Mimi nilikuwa hapa. Ulianza na shingo, huyu akasema iko juu sana kama twiga, ukaishusha."

"Kabla ya tumbo?"

"Kabla. Tumbo lilikuja nikileta chai."

"Hapana, chai ilikuja wakati wa pembe," Ahmednur akasema, "kwa sababu mimi ndio nilisema pembe itakata mkono, na nilisema na mdomo umejaa mahamri."

"Hiyo ni kweli. Ulitema makombo."

Wakaijenga upya hivyo, kwa makombo na matusi. Kila walipobishana, ubishi wenyewe ukawakumbusha kipimo. Ahmednur akakaa juu ya sanduku la babu na kutoa unene wa chuma, maana hilo halikuhitaji kukumbukwa, alikuwa nalo vidoleni. Hamdi akafanya kazi tofauti na asubuhi. Aliingia, akanyanyua shingo, akatoka. Akaingia, akachimba tumbo, akatoka. Kila kitu mlango wake.

"Mbona unatoka toka?" Faiza akauliza.

"Ili siku nyingine mtu akija kuiba, aibe kimoja."

"Ingia, fanya, toka," Ahmednur akasema kwa unyonge, kama mwanafunzi wa chuo. Baada ya hapo akawa analisema kila mara kabla Hamdi hajagusa kitu, mpaka Faiza akamwambia anyamaze, kisha yeye mwenyewe akaanza kulisema.

Mdomo ukafika zamu yake. Hamdi akasubiri mkono wake ukiwa hewani.

"Vuta," akasema Ahmednur.

Faiza akamtazama.

"Vuta, lakini kifuniko kiwe changu. Kama mdomo ni mpana, kifuniko kibanwe." Akainuka, akaligeuza sanduku alilokalia, akawaonyesha vibano vyake vya chuma. "Hii imevuka vita. Imenyeshewa kila masika. Ndani haijaingia tone, kwa sababu ya hivi. Weka vitatu, na chini yake duara la mpira."

"Kumbe unajua kuchora duara," Faiza akasema, lakini aliinama kuvitazama vibano, akakifungua kimoja na kukifunga, akakifungua na kukifunga.

Kibano cha tatu hakikuwahi. Saa tisa ikawakuta wakiwa na viwili, na Hamdi akazima kompyuta na kuiviringa ndani ya leso.

*

Kibanda cha maziwa kilijaa. Akina mama walikaa juu ya mitungi inayong'aa ya miaka miwili nyuma, na mmoja wao, Asho, mwenyekiti wao, alikaa juu ya mmoja huku miguu ameiweka juu ya mwingine. Saa tisa ikapita. Wao waliambiwa saa tisa. Gari kubwa lilifika lilipotaka.

"Salaam aleikum, akina mama," Galgalo akasema. Shati lilikuwa limenyooka, saa ya mkononi pana kama kifuniko cha soda.

"Waaleikum salaam," wakajibu, bila kuinuka.

Hamdi alikuwa amepata umeme wa kinyozi wa jirani kwa waya mrefu. Akawasha. Mtungi ukatokea, akauzungusha, akaupindua ukaonyesha kitako, akaufungua kifuniko. Akina mama wakasogea. Wengine walinyoosha mikono kana kwamba wangeweza kuuingiza.

Galgalo akatazama kwa muda. Kazi ilikuwa nzuri na yeye aliona kwamba ni nzuri, na hilo lilimsumbua.

"Lakini mdomo ni mkubwa hivi kwani ni karai?" akasema. "Mzee wa vyuma, sasa tutauza maziwa ama tutaoshea watoto?"

Watu wa pembeni wakacheka, wale vijana wa kupakia basi. Ahmednur akahisi kicheko chake mwenyewe kinapanda, kile cha kwenye benchi, kinatafuta njia. Akakimeza.

"Ni kipimo cha mkono wa mke wangu," akasema. "Nimebishana naye wiki nzima. Yuko sawa."

Faiza, aliyekuwa amesimama nyuma ya Hamdi, akawa na shughuli ya ghafla na ncha ya mtandio wake.

"Mzee, kuna standadi," Galgalo akasema. "Mdomo wa kisasa ni ule." Akaonyesha mtungi ambao Asho ameweka miguu.

Asho akaishusha miguu. Akaulaza ule mtungi, akausukuma kwa mguu mpaka kwenye viatu vya afisa. "Huu?"

"Huo."

"Basi tuoshee, mwanangu. Hapo chini pembeni, karibu na kitako, kuna maziwa yaliganda tangu uulete. Sisi tumeshindwa. Labda hatuna mkono wa kisasa." Akamtupia kitambaa.

Angeweza kukataa. Lakini akina mama wote walikuwa wanamtazama, na dereva wake pia, na alikuwa kijana. Akakunja mkono wa shati. Akakusanya vidole kama anayemlisha mbuzi, akasukuma, na mkono ukaingia, kwa shida, saa na yote. "Si mnaona?" akasema. Akashika kitambaa kwa ndani, akasugua mara mbili. Kisha akavuta.

Mtungi ukaja na mkono.

Akavuta tena. Akajaribu kuuzungusha. Akasimama, mtungi ukisimama naye, ukiwa umening'inia kama ngumi ya chuma. Kwa muda hakuna aliyecheka, kwa adabu. Halafu mtoto mgongoni mwa mama yake akacheka, na kibanda kikaanguka kwa kicheko.

"Naenda kuleta msumeno wa umeme," Ahmednur akasema kwa utulivu wa fundi. "Nitakata hapa shingoni. Usitikisike tu."

"Hapana, mzee. Tafadhali. Hapana."

"Nina mkono mwepesi."

"Mzee Ahmednur, tafadhali."

Ilikuwa mara ya kwanza kwake kumwita kwa jina.

"Afadhali akubali michoro sasa hivi, akiwa humo," dereva akanong'ona, naye alikuwa anafuta machozi.

"Hapana," Asho akasema. "Kwanza tumtoe. Kesho wasije wakaandika tulimshika." Huyo Asho ameona miradi mingi, na anajua kinachoandikwa.

Faiza akaleta samli. Akampaka afisa mkononi, akaimimina kwenye shingo ya mtungi, akimsemesha taratibu kama ngamia anayezaa: legeza, wacha kitambaa, wacha ngumi, hivyo hivyo. Mkono ukatoka mwekundu, unang'aa, mwembamba kuliko ulivyoingia.

Saa ilibaki ndani.

Walilazimika kuupindua mtungi na kuupiga kitako, wanawake watatu, kwa zamu. Ilipoanguka ilikuwa imevaa koti la maziwa yaliyoganda miaka miwili. Galgalo akaishika kwa ncha za vidole, kama alivyoushika mfuko wa simiti. Ahmednur aliona hilo, na akaliweka mahali salama moyoni.

"Tutaanza na nusu," Galgalo akasema baadaye, akiwa ameshapewa chai. "Mitungi ishirini, tuone inavyofanya njiani."

"Na malipo ya chuma yatangulie," Ahmednur akasema. "Nimeshafanya kazi ya kungoja."

Galgalo akatazama mkono wake. "Yatangulie."

Hakusema samahani kwa mitungi ya kwanza, wala kwa simiti. Ofisi hazina vitufe hivyo. Lakini aliwaomba akina mama wapige picha bila yeye, na kwa mtu wa mradi hilo si dogo.

*

Baada ya alasiri Hamdi alikuwa ameshaongeza kibano cha tatu. Mashine ya kuchomelea imevutwa kutoka kona, waya umefunguliwa. Jirani aliyetaka mlango urekebishwe alikuwa ameahidiwa kesho, na Ahmednur alilitamka neno kesho kama mtu mwenye shughuli.

"Hamdi," akasema. "Ingia kidogo. Ongeza mdomo upana wa kidole."

Faiza aligeuka kutoka dirishani. "Nani amekuloga? Unatosha. Tulipima na mkono wangu."

"Tulipima mkono wako mtupu."

Ahmednur alikuwa anatazama dirisha, pale bangili zilipokaa tangu saa sita, na siku zote kabla ya hiyo, kila mara mkono ulipokuwa unaingia kwenye dumu. Alizisikia zikivuliwa kila siku kwa miaka aliyokuwa ameoa. Alidhani ni sauti ya nyumba tu.

"Yule mtu alinaswa na saa," akasema. "Kwa nini wewe uvue?"

Faiza hakukohoa. Akazichukua bangili, akazivaa, zote, akaja akasimama nyuma ya binti yake.

Hamdi akaingia. Akavuta, upana wa kidole kimoja. Mdomo ukapiga miayo, ukatulia.

"Umetoka?" Ahmednur akauliza.

"Nimetoka."

"Umefunga mlango?"

"Nimefunga, Aabo."

Faiza akanyoosha mkono mbele ya kioo, bangili zikilia, akauzungusha hewani kama anayefuta majivu mpaka pembeni kabisa. Ahmednur akarudi hatua moja nyuma, na mikono yake, bado inanukia uturi, akaifunga mgongoni.